Jina Limehifadhiwa, Ila Shangazi Analijua

Ndugu Mhariri, mwenye mamlaka ya kutaja watu na ya kutowataja,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa na afya njema na nafasi kidogo kwenye ukurasa wa maoni. Mimi mwenyewe sijambo ya kusukuma siku. Naandika kwenye ncha ya meza ambayo ncha yake nyingine ina cherehani, na nyuma ya cherehani hiyo ameketi shangazi yangu, ambaye anadhani nafanya kazi ya chuo. Ukiona mahali mwandiko umeyumba, ujue hapo alikuwa anashona jinzi.

YAH: OMBI LA KUTAJWA MAJINA YA WANAFUNZI WOTE MNAOWAANDIKA, WAKIWEMO WASIOTAKA

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasomea upimaji wa ardhi. Sijawahi kuandikwa gazetini, kwa jema wala kwa baya. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa nyumbani hakuna anayelisadiki, na kama na wewe hulisadiki, basi kukuandikia ni kumpigia mbuzi gitaa.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu. Nilihamia kwake nilipopata chuo kwa kuwa kwake ni karibu, na amenipokea kama mtoto wa tumbo lake, ikiwa ni pamoja na kunigombeza. Ni fundi cherehani, na fundi kweli. Wateja wake wakinenepa humwambia yeye kabla ya kumwambia daktari. Na ni msomaji wako mkubwa, ingawa sidhani kama mlimfikiria yeye mlipokuwa mnapanga kurasa zenu.

Nieleze. Shangazi hununua magazeti ya zamani kwa mafungu, kwa ajili ya kukatia nguo. Hulaza ukurasa mezani, huchora kwa chaki mkono wa gauni au ukosi wa shati, hukata, halafu huweka lile umbo juu ya kitambaa na kukata tena. Vipande vinavyobaki ndivyo anavyovisoma, wakati pasi inapata moto. Kwa hiyo habari zenu humfikia zikiwa zimeshapunguzwa kwapa. Anajua waziri alisema nini, ila hajui waziri gani. Anajua mechi iliishaje, ila hajui nani alicheza na nani. Mteja akija mwenye mwili, tunapoteza ukurasa mzima wa siasa, na siku hiyo nyumba huwa na amani.

Sasa, katika kila kipande kinachomhusu mwanafunzi aliyefanya jambo la ajabu, kuna maneno yenu mawili kwenye mabano: jina limehifadhiwa. Mkasi wa Shangazi unaweza kukata kila kitu, lakini maneno hayo haujawahi kuyakata. Naye ana hoja yake, ambayo nimejaribu kuivunja nikashindwa. Anasema mtu hafichiwi jina ila ana ndugu watakaoona aibu. Mjini hapa wenye aibu tumebaki wachache. Kwa hiyo aliyefichwa ni wetu, na wetu anayesoma chuo ni mmoja tu.

Kutokana na hoja hiyo, Ndugu Mhariri, nina malalamiko yafuatayo.

La kwanza: simu yangu iko ndani ya kopo la vifungo. Mliandika kuhusu mwanafunzi mmoja (jina limehifadhiwa) aliyetumbukia mtaroni kwa kutembea huku akitazama simu. Bahati mbaya siku Shangazi aliyosoma kipande hicho, gari lilipita kwenye dimbwi mbele ya chuo na kunirushia maji kuanzia magotini. Nilipoingia ndani Shangazi alilitazama gazeti, akaitazama suruali, akasema, "Sikuulizi kitu. Vua nikufulie." Ningeulizwa ningejitetea. Mtu asiyeulizwa anajitetea vipi? Tangu hapo simu hutoka koponi kwa kibali. Ikiita, vifungo vyote hutikisika, naye huipokea na kunijibia. Kiongozi wa darasa letu alipopiga kutangaza kwamba kipindi kimehamishiwa chumba kingine, aliambiwa, "Yupo, anakula, na hahami."

La pili: nimegeuzwa kiongozi wa mgomo. Mliandika kwamba wanafunzi wa chuo fulani wamegomea chakula cha bwalo, na kwamba aliyewachochea jina lake limehifadhiwa kwa usalama wake. Jioni ile mimi nilisukuma sahani nikasema nimeshiba. Ni kweli nilikuwa nimeshiba. Shangazi aliweka chini kijiko, akafuta mikono, akaketi mbele yangu akauliza kwa upole, "Haya, madai yenu ni yapi?" Nikamwambia sina madai. Akasema ndivyo wanavyosema wote siku ya kwanza. Nilikula sahani nyingine nzima ili kuonyesha kwamba hali imerejea kuwa ya kawaida, na usiku tumbo lilinikatalia usingizi.

La tatu ni fupi. Kuna mwanafunzi alikamatwa na majibu ya mtihani ndani ya soksi. Gazeti hilo ni la miaka ambayo mimi nilikuwa bado najifunza kufunga kamba za viatu, na ningelithibitisha hilo kwa kuonyesha tarehe, ila tarehe ilikwenda na ukosi wa shati la mhasibu mmoja. Shangazi akasema tabia haina tarehe. Akafungia kabatini soksi zangu zote pamoja na viatu. Nimekwenda kwenye mtihani wa hesabu nikiwa na kandambili, na msimamizi amenifukuza mlangoni kwa kukosa heshima, nikaenda kuazima viatu kwa mlinzi, ambavyo vilikuwa vikubwa kiasi kwamba nilipita nimekokota miguu kama mtu mwenye pingu. Wenzangu waliona. Hapo napo nasubiri mniandike.

La nne linahitaji uvumilivu wako. Lugha yetu ni tamu lakini ina mitego, na mmojawapo ni kwamba ukisema "amepata", hakuna anayejua kama aliyepata ni mume au ni mke. Mliandika: "Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili (jina limehifadhiwa) amepata watoto pacha wiki iliyopita." Mstari uliofuata, nimekuja kugundua baadaye, ulianza na maneno "mama huyo". Lakini mstari huo ulikuwa umeshakuwa nyuma ya sketi.

Nilikaa wiki nzima nikiwa baba wa pacha, Ndugu Mhariri, bila kujua. Niliona tu kwamba Shangazi ameacha kunigombeza. Akawa ananitazama kwa huruma, ananiongezea mchuzi, ananiambia kwamba ulezi si mchezo. Nikadhani anasifu kazi yake mwenyewe, nikamshukuru. Kushukuru kwangu kukawa ushahidi. Mwisho alitoa kabatini vinguo viwili vidogo, vya kitambaa kimoja, kimoja kina kifungo chekundu na kingine cha bluu ili tusije tukawachanganya, akaniuliza, "Wako wapi? Waleteni. Mtoto hana kosa." Kumweleza kwamba hakuna watoto kulichukua jioni mbili, na mpaka leo nadhani amekubali kwa mdomo tu. Vinguo vile bado viko kabatini. Vimeshonwa vizuri, na mimi nikiviona najisikia vibaya kama kweli nimewatelekeza.

Nimeyataja hayo manne ili uone tulikotoka. Kama yangeishia hapo nisingekuandikia. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Lakini lalamiko la tano limenifikisha pabaya.

La tano: mmeandika juu ya genge la matapeli wa viwanja. Mmesema linazunguka mitaani likijifanya la wapimaji, linachomeka vigingi kwenye viwanja vya watu na kuweka alama ya rangi nyekundu kwenye kuta. Mkasema mmoja wa wanagenge ni mwanafunzi wa chuo, na jina lake limehifadhiwa ili kutovuruga uchunguzi.

Chini ya kitanda changu, Ndugu Mhariri, kuna vigingi. Kuna kamba, kuna nyundo, kuna utepe wa kupimia, kuna fulana inayong'aa gizani, na kuna kopo la rangi nyekundu lililobaki nusu. Vyote ni vya mazoezi ya chuo. Tumepewa kipande cha uwanja nyuma ya karakana tukipime, tuweke mipaka, tuchore ramani yake. Hiyo ndiyo kazi ya muhula. Nimemweleza Shangazi. Amenisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza ile nusu nyingine ya rangi imekwenda wapi. Nikasema imekwenda kwenye vigingi. Akasema, "Na wao wamesema hivyo hivyo, vigingi."

Kesho kutwa, Jumamosi, kuna kikao cha ukoo. Mwenyekiti ni Baba Mdogo, ambaye huongoza vikao vyetu vyote kwa sababu ana sauti na viti. Ana karakana ya kuchomelea mageti na madirisha. Ajenda ni moja: niachishwe chuo nikabidhiwe kwake, nianze kazi Jumatatu. Baba Mdogo amesema polisi wakija wakinikuta nimeshika kazi ya mkono watanihurumia, ila wakinikuta na daftari watajua mimi ndiye niliyekuwa napanga mipango. Kwa simu, wazazi wangu, ambao wako mbali, wamesema walioko karibu ndio wanaoona. Ovaroli imeshashonwa. Inaning'inia hapa nyuma ya mlango wakati nakuandikia. Na sehemu ya chini ya habari ile, ambayo naamini kabisa inasema kwamba matapeli wote wamekwisha kukamatwa na majina yao ni haya, ndiyo iliyotumika kukatia mguu wa kushoto.

Ninaogopa, na sioni sababu ya kulifanya neno hilo dogo. Naipenda kazi hii ya upimaji. Siku ya kwanza mwalimu aliponiambia nifumbe jicho moja nitazame kwenye darubini, niliona kigingi kilichokuwa mbali kule karibu na ukuta kikiwa hapa karibu yangu, kimenyooka, na nikajua mahali pale panaanzia wapi na panaishia wapi. Sijawahi kuwa na uhakika namna ile na jambo lingine lolote. Sasa naambiwa nikachomelee mageti ya watu ambao mipaka ya viwanja vyao sitaruhusiwa kuijua.

Na ugomvi na Shangazi siuwezi, kwa sababu hagombani. Angenitukana ningepata pa kushika. Juzi Baba Mdogo alipokuja kuchukua kipimo cha meza ya kikao, alisema mtoto wa hivi ni wa kufukuzwa nyumbani. Shangazi alisimamisha cherehani. Akasema, "Hata kama ni yeye, ni wetu. Na kama humtaki kwako, ataendelea kulala hapa." Halafu akaendelea kushona. Nilikuwa uani nikisikia, nikashindwa kuingia ndani. Utamkasirikia vipi mtu anayekutetea kwa kosa ambalo hukulifanya?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, gazeti lako lifanye moja kati ya haya yafuatayo, au yote.

(a) Mtaje majina ya wanafunzi wote mnaowaandika, pamoja na ya baba zao na shangazi zao. Mwenye aibu ale aibu yake mwenyewe, msitugawie.

(b) Kama sheria inawazuia kusema ni nani, basi semeni si nani. Baada ya kila "jina limehifadhiwa" ongezeni: "ila si yule mtoto wa kaka yake fundi cherehani wa kando ya duka la dawa." Ni mstari mmoja. Nafasi ya tangazo la dawa ya mba mnaipata, na hii mtaipata.

(c) Masahihisho yenu muyaweke katikati ya ukurasa na kashfa muziweke pembeni, mahali mikono ya mashati inapopita. Kwa sasa mnafanya kinyume, ndiyo maana katika nyumba hii hakuna mtuhumiwa aliyewahi kuachiwa huru.

(d) Mpumzike kuandika habari za wanafunzi angalau mpaka nihitimu. Andikeni habari za wastaafu. Mstaafu mmoja, jina limehifadhiwa. Baba Mdogo anakaribia umri huo na ningependa kuona atajiteteaje.

(e) Mnipatie cheti chenye muhuri kinachosema kwamba mimi, tangu kuzaliwa, sijawahi kuandikwa. Wanafunzi wengine nao wanakihitaji, nimewauliza wenzangu. Mmoja amesema kwao ni mama, na kwao hakuna hata gazeti, ni redio.

(f) Ikiwa hayo yote ni magumu, basi wewe mwenyewe uhudhurie kikao cha Jumamosi. Viti vipo. Utasimama mbele ya Baba Mdogo, utasema "nililihifadhi jina la mtu mwingine", utakaa. Hutalazimika kusema ni la nani, ingawa Shangazi atakuuliza, na sijamwona mtu aliyemnyima jibu akala chakula chake kwa raha.

Nisalimie waandishi wako wote, wapiga picha, mpanga kurasa, na yule anayeandika nyota, ambaye Shangazi anamsoma kwa jina la mnyama yeyote aliyesalia kwenye kipande. Wasalimie pia vyanzo vyenu vya habari visivyotaka kutajwa, ingawa sijui utawaambia salamu zinatoka kwa nani bila wao kujua kwamba nao wanajulikana. Shangazi angekusalimia, ila hajui kama nakuandikia.

Wako ninayeomba kutajwa,

Mtoto wa kaka yake fundi. (Jina langu kamili, la baba na la babu, nimeliandika nyuma ya bahasha kwa herufi kubwa. Lichapisheni bila hofu yoyote.)

Baada ya sahihi: Ndugu Mhariri, usiichapishe barua hii.

Ni Ijumaa mchana. Nilikuwa naitafutia barua gundi. Shangazi alikuwa anakata koti la mwalimu mkuu mmoja, akafika mahali mkasi ukasimama. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti: "Mwanafunzi wa mwaka wa pili, ambaye hakutaka jina lake litajwe, ameingia katika nyumba iliyokuwa ikiungua moto na kumtoa bibi kizee akiwa hai, kisha akaondoka bila kusubiri shukrani." Akaketi chini palepale sakafuni, kwenye vipande vya kitambaa. Akasema, "Bila kusubiri shukrani. Huyo ni sisi kabisa."

Ameshampigia Baba Mdogo. Kikao kipo palepale, ila ajenda imebadilishwa na sasa kuna soda. Baba Mdogo amesema yeye alijua siku nyingi kwamba kijana ana moyo, na kwamba rangi nyekundu bila shaka ni ya kuonyesha nyumba zenye hatari ya moto. Simu yangu nimerudishiwa, ina kifungo kimoja kimenasa kwenye tundu la chaji. Ovaroli inafumuliwa itoke begi la kubebea vitabu. Jumatatu naenda chuo.

Halafu Shangazi akanitazama na kuniuliza swali ambalo katika mambo yote yale matano hakuwahi kuniuliza: "Ni wewe?"

Nilifungua mdomo kusema hapana, kama ambavyo ningesema, ningeulizwa, kwa mtaro, kwa mgomo, kwa soksi, kwa pacha na kwa viwanja. Lakini macho yangu yalikuwa yamefika kwenye kipande kilichobaki mezani, na mstari wa tatu ulikuwa unaanza na maneno "binti huyo". Nikamwambia, "Shangazi, mimi nisingependa jina langu litajwe." Akalia. Nikamshika bega, nikamwomba mkasi, nikasema nimekuwa na hamu siku nyingi ya kujifunza kukata mkono wa koti, na mkono wenyewe nikaupitisha kwenye mstari wa tatu.

Kwa hiyo maombi (a) mpaka (f) nimeyafuta. Bahasha yenye jina langu nimeichana, na hii utaipata ndani ya bahasha tupu. Nimetafakari upya nikaona kwamba utaratibu wenu wa kuhifadhi majina ni wa busara sana, na ninawasihi muushike hivyo hivyo bila kutetereka. Huyo dada mwenye moyo wa simba akija ofisini kwenu kesho, akasema amebadili mawazo na sasa angependa atajwe, mpeni kiti, mpeni maji, mwambieni asiwe na wasiwasi: jina lake limehifadhiwa, liko kwetu, na jioni hii linapikiwa.